Neno "allowance" linapomgomea mwanafunzi anayezungumza Kichina: dalili, chanzo na tiba

"My manager refused my allowance."

Ujumbe huo niliupata usiku kutoka kwa mwanafunzi wangu, mhasibu wa Chengdu. Nikampa pole. Nikamwambia asikubali, posho ni haki yake, aandike barua. Akajibu: "Posho gani, laoshi?", yaani mwalimu. Kumbe alikuwa ameomba ruhusa ya Ijumaa aende kumwona mama yake, meneja akamkatalia. Sentensi yake haikuwa na kosa la sarufi hata moja, ila mimi nilikuwa nimefika Mtwara naye bado yuko Tanga.

Tangu usiku ule naandika makosa ya neno hili kwenye daftari, na mwongozo huu umetoka humo. Nimeuandika kwa ajili ya Waswahili wenzangu wanaofundisha Kiingereza kwa Wachina, wanaotafsiri kwenye kampuni zao, au wanaoagiza mizigo Yiwu na Guangzhou na kuandikiana barua pepe za Kiingereza ambazo si lugha ya mama ya yeyote kati yao. Ugonjwa wa kwanza kwenye orodha ni wetu pia, kwa hiyo tusicheke mapema.

Anza na kipimo hiki

Mwanafunzi akifungua kamusi ya Kiingereza na Kichina anakuta msururu: jīntiē 津贴, bǔtiē 补贴, língyòngqián 零用钱, xiàn'é 限额, miǎnshuì'é 免税额, yúliàng 余量 na mengine. Anachukua la kwanza, anaondoka nalo. Akikutana na sentensi ambayo hilo la kwanza haliingii, anaikariri kama nahau. Baada ya mwaka ana "allowance" saba kichwani zisizojuana hata kwa salamu.

Undugu upo. "Allowance" ni kiasi kilichotengwa mapema kwa ajili ya jambo fulani: fedha, kilo, milimita, dakika, hata uvumilivu. Kichina nacho kinalo wazo hilo, ila kimeligawa kwa silabi tatu. Tiē 贴 ni kubandika, na bǔ 补 ni kutia kiraka. Kwa hiyo bǔtiē ni kiraka kinachobandikwa pale mshahara ulipotoboka. É 额 ni kiasi kilichowekewa mpaka (herufi hiyo hiyo ni paji la uso, lakini usimpeleke mwanafunzi huko). Yú 余 ni kinachobaki, nafasi ya ziada.

Basi kila anapokwama, muulize: hapa ni tiē, é au yú? Akijibu kwamba si lolote kati ya hayo, ni yǔnxǔ 允许, yaani kuruhusu, umeshapata chanzo cha tatizo.

Dalili: analitumia kumaanisha ruhusa

"I need your allowance to use the car." "He left without allowance." Hii ndiyo dalili inayojirudia kuliko zote kwenye daftari langu.

Chanzo ni hesabu inayoonekana sahihi. "Allow" ni yǔnxǔ, na yǔnxǔ kwa Kichina huwa kitenzi na huwa nomino bila kubadilika umbo. Mwanafunzi anajua Kiingereza hupenda kubandika viambishi mwishoni, kwa hiyo anasema: "allow" jumlisha "-ance", ndiyo nomino ya kuruhusu. Sisi tunafika pale pale kwa njia nyingine, kwa kuwa kuruhusu hutupa ruhusa. Nimesikia Watanzania wenye shahada wakisema "I have no allowance from my father" wakimaanisha baba hajakubali. Mzungu anayewasikia anafikiri baba ni bahili.

Neno lenyewe lilianza na sura mbili. Kitenzi "allow" kilitoka Kifaransa cha kale, ambako vitenzi viwili vya Kilatini vilikuwa vimeungana: kimoja cha kusifu, kingine cha kutenga na kuweka kitu mahali pake. Maana ya ruhusa ilikuwapo kwenye "allowance" ya Kiingereza cha zamani, na kamusi kubwa bado zinaitaja, lakini mtaani imekufa. Iliyobaki hai ni ile ya kutenga.

Tiba: "permission" kwa ruhusa ya mtu, "approval" kwa idhini ya ofisi, "leave" kwa siku za kutokuwapo kazini. Yule mhasibu wangu alihitaji kusema "My manager refused my leave request", basi.

Kuna mlango mmoja ambao ukisahau kumwonyesha, atakuja kukusuta. Ofisi ya hataza (patent) ya Marekani ikikubali ombi la mvumbuzi humtumia barua iitwayo "Notice of Allowance", na hapo maana ni kukubaliwa kabisa. Kama unafundisha wahandisi wa Shenzhen wanaopeleka maombi ya hataza Marekani, watakuletea barua hiyo darasani na kukuuliza mbona ulisema haiwezekani. Waambie ni lugha ya sheria, ibaki huko.

Dalili: kila fedha ya nyongeza anaiita "subsidy", au kila fedha anaiita "allowance"

Bǔtiē na jīntiē zimekaa karibu mno, na bǔtiē hubeba mizigo miwili: fedha serikali inayotoa ili bei ishuke, na fedha mwajiri anayompa mfanyakazi. Kwa hiyo anaandika "My company gives me meal subsidy", sentensi inayoeleweka lakini inayonuka tafsiri.

Hapa Mswahili ana bahati, maana tunazo ruzuku na posho, na hatuzichanganyi. Mbolea ina ruzuku. Mfanyakazi ana posho. Hakuna anayesema serikali imetoa posho ya mbolea. Mpe mwanafunzi mpaka huo huo: "subsidy" humwendea bei, kiwanda au huduma, na "allowance" humwendea mtu mkononi. Kantini ya kampuni inayouza chakula kwa bei ya chini ni "subsidised canteen". Fedha ya chakula inayoingia na mshahara, ile Wachina wanayoiita cānbǔ 餐补, ni "meal allowance". Ya nyumba ni "housing allowance", ya safari ya kikazi ni "daily allowance" au "per diem", ambayo kwetu serikalini ni posho ya kujikimu.

Na neno posho lenyewe ni kielelezo kizuri kuliko kamusi. Posho ya mpagazi wa misafara ilikuwa chakula kilichopimwa. Nchini Uganda posho bado ni ugali. Kipimo kilitangulia, fedha zikafuata.

Upande wa pili wa dalili hii ni yule anayeita kila bahasha "allowance". Yāsuìqián 压岁钱, fedha za mwaka mpya kwenye bahasha nyekundu, si "allowance" hata kama mtoto huzipata kila mwaka kutoka kwa bibi yule yule. Ni zawadi. "Allowance" ya mtoto huja kwa utaratibu, kila wiki au kila mwezi, na hiyo ndiyo língyòngqián. Ongeza kwamba Mwingereza mtoto huyo humpa "pocket money", na "allowance" kwa mtoto ni mazoea ya Mmarekani.

Dalili: anasubiri fedha ambazo hazitakuja

Huyu ni wa é. Mwanafunzi mmoja alifika Uingereza kufanya kazi, akaona kwenye karatasi zake "Personal Allowance £12,570", akanipigia kwa furaha kuuliza serikali inalipa lini.

Hailipi. Hicho ni kiasi cha kipato cha mwaka ambacho kodi haikigusi. Kiwango cha £12,570 kilianza Aprili 2021, na kwa mwenye kipato kikubwa hupungua: kila £2 zinazozidi £100,000 hula £1 ya kiasi hicho, hadi kwenye £125,140 kinakuwa sifuri. Nikimwambia mwanafunzi "allowance" yake inaliwa na mshahara wake mwenyewe, anaelewa mara moja kwamba si posho.

Kosa hili hulikuti kwa mtu wa Hong Kong. Pale wafanyakazi wamezoea kuona "allowance" kwenye fomu za kodi, na kwa Kichina neno lake ni miǎnshuì'é, kiasi kisichotozwa kodi. Wa China bara naye analo jambo lenyewe, kwa kuwa tangu Oktoba 2018 yuani 5,000 za kwanza za kila mwezi hutolewa kabla ya kodi kukokotolewa, ila hajawahi kuliona likiitwa kwa neno hili la Kiingereza. Kwa hiyo usimfundishe kodi, anaijua. Mwonyeshe tu kwamba é ya kodi, é ya mizigo na é ya forodha zote ni "allowance".

Ya mizigo huleta kosa dogo la kuchekesha: "My allowance is overweight." Kilichozidi uzito ni begi. "Allowance" ni zile kilo 23 au ngapi tiketi ilizokupa. Haipandi wala haishuki kwa sababu umenunua viatu. Sema "My bag is over the allowance."

Kosa kubwa zaidi la familia hii nililiona kwenye wasilisho la kijana wa kampuni ya umeme. Aliandika "carbon subsidy" slaidi nzima. Alichotaka ni "carbon allowance", kwa Kichina pèi'é 配额: kibali cha kutoa tani moja ya hewa ya ukaa. Soko la namna hiyo la Umoja wa Ulaya lilianza 2005, na la kitaifa la China lilianza biashara Julai 2021. "Carbon subsidy" msikilizaji angeielewa kwamba serikali inamlipa mtu ili achafue hewa. Neno moja likageuza sera nzima kichwa chini miguu juu.

Dalili: kwenye karakana anachanganya "allowance" na "tolerance"

Hii niliiweka mwisho zamani, mpaka nilipoanza kufundisha mafundi mitambo nikaona inavyoweza kuharibu chuma cha watu.

Kichina kinazitenganisha vizuri: yúliàng 余量 ni ziada iliyoachwa kwa makusudi, gōngchā 公差 ni kosa linalovumilika. Mkorogo huzaliwa wakati wa kuvuka kwenda Kiingereza, kwa sababu "tolerance" na "allowance" zote mbili kamusi huzielezea kwa neno la kuruhusu. Rudi kwenye silabi. Penye yú, ni "allowance".

Mfano wa kuchora ubaoni: tundu linaruhusiwa kuwa kati ya milimita 20.00 na 20.02, na mhimili kati ya 19.93 na 19.95. Kila kipande kina "tolerance" ya 0.02, huo ndio upana wa kosa. "Allowance" ni tofauti kati ya tundu dogo kabisa na mhimili mnene kabisa, 20.00 kutoa 19.95, yaani 0.05. Hiyo haikutokea kwa bahati. Mchoraji aliitaka ili mhimili uzunguke. "Tolerance" ni unyonge wa mashine tunaousamehe, "allowance" ni nia ya fundi.

Asiyejua vyuma mpeleke kwa fundi cherehani. Kitambaa kinachoachwa nje ya mstari wa kushona kinaitwa "seam allowance", Kichina féngfèn 缝份, na kwenye ruwaza nyingi za ushonaji wa nyumbani za Marekani ni inchi 5/8, karibu sentimita 1.5. Ukikata nguo bila kuiacha, mteja hataingia. Nimewafundisha watu wazima "allowance" kwa kugeuza pindo la shati langu, na sijaona njia iliyo bora kuliko hiyo.

Dalili: anasoma "make allowances" anaona fedha

"We must make allowances for his age." Mwanafunzi wa Hong Kong alinitafsiria: tumlipe posho kwa sababu ya umri wake.

Kabla hujamsahihisha, kumbuka anakotoka. Hong Kong ina malipo rasmi ya wazee wa miaka 70 na kuendelea, kwa Kiingereza "Old Age Allowance", na watu huyaita 生果金, fedha ya matunda. Umri na "allowance" kwake ni bibi anayenunua machungwa. Kosa lake lina akili kuliko jibu sahihi la mtu aliyekariri.

Maana halisi ni kumhukumu mtu kwa kuzingatia hali yake, kumwachia nafasi ya kukosea. Kamusi zitampa tǐliang 体谅, na inafaa kwa watu. Lakini mimi naanza na liú yúdì 留余地, kuacha nafasi, kwa kuwa yú imo ndani na inamrudisha kwenye pindo la shati. Umeacha sentimita moja na nusu kwa ajili ya mshono. Umeacha dakika arobaini kwa ajili ya foleni, "I made allowance for the traffic". Umeacha uvumilivu kidogo kwa ajili ya mzee anayesahau majina. Kitendo ni kimoja. Akiliona hilo, nahau inaacha kuwa nahau.

Angalia kitenzi, maana hapo ndipo fedha hupita. "An allowance for food" ni posho ya chakula. "Make allowance for" chochote ni kuzingatia. Kitenzi kinachotangulia ndicho mlinzi wa geti: "get", "receive", "give", "pay" huleta fedha, "make" huleta nafasi. Na akiona wingi, "make allowances", mara nyingi anayezungumzwa ni mtu na udhaifu wake.

Dalili: barua ya mteja inadai "allowance" na karani anashangaa

Hapa kipimo changu cha silabi tatu kinashindwa, na sioni haya kukiri. Mfanyabiashara wa Kariakoo amepokea katoni kutoka Yiwu, baadhi zimelowa. Anaandika: "We will keep the goods but expect an allowance of 8%." Karani anasoma jīntiē, anajiuliza mteja anataka posho ya kazi gani.

Anachotaka ni zhéràng 折让: zhé ni kupunguza, ràng ni kumwachia mwenzako. Mzigo una kasoro, mnunuzi anakubali kubaki nao, muuzaji anapunguza bei. Angeurudisha mzigo ingekuwa "return" na "refund". Bei ikipunguzwa kwa sababu amenunua vingi au amelipa mapema, hiyo ni "discount", wala hakuna kasoro iliyotajwa. Waswahili wengi nao huandika "discount" hapa, na karani wa Kichina anajibu kwa adabu kwamba punguzo lilishatolewa kwenye ankara. Barua tano baadaye watu wamenuniana.

Dalili ndogo ndogo

"He gets allowance every month." Imekosa "an". Kichina hakina "a" wala wingi wa nomino, na kanuni za "a" na "an" haziingii kichwani mwa mtu kwa mhadhara. Tumia anachokijua: kwa Kichina husema yì bǐ jīntiē 一笔津贴, ambapo bǐ ni neno la kuhesabia mafungu ya fedha. Pale ambapo yì bǐ ingekaa, aweke "an". Kiasi hufuata kwa "of", kusudi kwa "for": "an allowance of 800 yuan a month for transport".

Kwenye kupanga maneno mwachie, ametushinda. Kichina hutanguliza nyumba kisha posho, sawasawa na "housing allowance". Ni sisi, kwa ajili ya "posho ya nyumba", tunaoandika "allowance of house".

Tahajia: l mbili, na "-ance" si "-ence".

Mwisho ni matamshi. Mwanafunzi akisema kampuni yake inatoa "alliance" nzuri, amefinya irabu ya katikati, "lau" ikawa "lai", na sasa mshahara wake unakuja na muungano wa kijeshi. Mkazo ni kwenye silabi ya pili. Mwambie aanze na "lau" peke yake, aishikilie kwa mdomo uliofumbata kama anayepuliza uji, kisha aongeze "a" mbele na "ans" nyuma. Konsonanti mbili za mwisho zitamsumbua, kwa kuwa neno la Kimandarini haliishii hivyo, na atataka kuongeza kairabu kadogo ili apumzike. Hapo ndipo mwalimu Mswahili anapaswa kujisikiliza, kwa sababu nimeshawahi kusahihisha darasa zima na bado lilikuwa likisema "alawansi", na waliisikia kwangu.